Barakoa, Buibui na Sheria: Je, Uso Ufunuliwe kwa Amri?

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia katika nchi za Afrika ya Mashariki, neno moja la kale lilitoka katika kurasa za makamusi likaingia katika vinywa vya watu wote. Neno hilo ni barakoa. Kabla ya hapo waliolitumia walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watu wa Unguja na mwambao, ambao kwao barakoa ilikuwa ni kifuniko cha uso walichovaa zamani mabibi wa Kiarabu wa nasaba kubwa, kimetiwa nakshi ya nyuzi za dhahabu au za fedha. Hazikupita siku nyingi, kila mchuuzi wa samaki, kila kondakta wa basi na kila mwalimu alikuwa na barakoa yake mfukoni. Asili ya neno ni Kiarabu, burqu. Na burqu hiyo hiyo ndiyo iliyozaa neno burka, ambalo mabunge ya Ulaya yamelijadili kwa hasira tangu mwanzo wa karne hii.

Barakoa ya tabibu na burka ya mabunge zilikutana nchini Ufaransa katika mwezi wa Julai wa mwaka huo huo wa 2020. Serikali iliamuru kwamba kila aingiaye dukani, au mahali pengine pa watu wote palipo chini ya paa, afunike kinywa na pua. Na sheria ya mwaka 2010, ikatazayo mtu kuficha uso wake mahali pa watu wote, ilikuwa ingali hai. Basi mwanamke aliyeingia dukani uso wazi alikuwa na kosa. Na mwanamke wa pili, aliyeingia kinywa na pua vimefunikwa kwa nikabu, naye alikuwa na kosa. Sehemu ya uso iliyofichwa ilikuwa karibu ni ile ile. Kilichotofautiana ni maana. Nauliza basi: sheria ikatazayo vazi yahukumu kitambaa, au yahukumu maana ambayo mtunga sheria amekipa kitambaa hicho? Na maana ya vazi, ni nani mwenye haki ya kuieleza?

Kabla ya kuendelea yafaa tuyatenge maneno, maana ugomvi mwingi katika jambo hili hutokana na kuyachanganya. Hijabu ni mtandio ufunikao nywele, shingo na kifua, na uso huwa wazi. Nikabu hufunika uso na kuacha macho. Burka ya Afghanistan hufunika mwili wote, na mbele ya macho pana wavu wa nyuzi. Buibui la mwambao ni vazi jeusi livaliwalo juu ya nguo nyingine. Laweza kuvaliwa uso wazi au uso umefunikwa, kwa kadiri ya mvaaji, mahali na zama. Vijana wa Mombasa na Unguja huiita nikabu ya siku hizi “ninja”, kwa mfano wa wapiganaji wa Kijapani waliowaona katika filamu. Ni jina la mzaha, walakini limekwisha kushika, na mtunga kamusi hana budi kuliandika apende asipende. Makala haya yahusu kufunika uso, wala si kufunika kichwa.

Waislamu wenyewe hawana kauli moja juu ya uso. Aya zitegemewazo ni ya 31 katika Sura ya An-Nur na ya 59 katika Sura ya Al-Ahzab, na hitilafu ya wafasiri ni juu ya kiasi cha kile kiruhusiwacho kuonekana. Wako wasemao kwamba uso na viganja vya mikono si katika vya kufunikwa. Wako waonao kwamba kufunika uso ni wajibu mbele ya wanaume wasio maharimu. Na katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa mwambao, kauli zote mbili zina watetezi wake. Tena mwanamke aliye katika ihramu ya Hija havai nikabu. Nayataja haya si kwa kutoa fatwa, kazi ambayo si yangu, bali nipate kusema kwamba asemaye “dini yaamuru, basi kila mwanamke afunike”, na asemaye “dini haiamuru, basi serikali na ikataze”, wote wawili wanaikata kwa mkato mmoja kamba ambayo wenye elimu wamekuwa wakiifungua polepole kwa karne nyingi.

Sheria ya Ufaransa ndiyo ifaayo kuchunguzwa kwanza, kwa sababu wengi walifuata nyayo zake. Bunge liliipitisha mwezi wa Julai 2010 kwa kura 335 dhidi ya moja, wabunge wengi wa upinzani wakijizuia kupiga kura. Seneti iliikubali mwezi wa Septemba kwa kura 246 dhidi ya moja. Ikaanza kutumika tarehe 11 Aprili 2011. Maneno yake hayataji dini yo yote wala hayataji mwanamke: yakataza tu kuvaa mahali pa watu wote vazi lililokusudiwa kuficha uso. Imewaachilia wafichao uso kwa sababu ya afya, ya kazi, ya michezo au ya sherehe. Na Baraza la Katiba liliongeza kwamba isitumike ndani ya nyumba za ibada zilizo wazi kwa watu wote. Mvunjaji hutozwa faini isiyozidi euro 150, au huamriwa kuhudhuria mafunzo ya uraia. Lakini kipo kifungu cha pili, ambacho hakisemwi sana: amlazimishaye mwingine kuficha uso kwa sababu ya jinsia yake aweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 30,000, na adhabu huwa maradufu kama aliyelazimishwa ni mtoto. Nitakirudia kifungu hicho.

Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya wanawake wangapi? Kwa hesabu iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2009 walikuwa wapatao 1,900, katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 60; na kati yao 270 hivi walikuwa katika nchi za ng’ambo zilizo chini ya Ufaransa. Uchache wao si hoja kamili, kwani dhuluma haipimwi kwa hesabu ya vichwa. Lakini ni vizuri kujua ukubwa wa samaki kabla ya kuusifu wavu.

Katika hizo nchi za ng’ambo imo Mayotte, kimojawapo cha visiwa vya Komoro, ambacho watu wake karibu wote ni Waislamu, na lugha yao ya Kimaore ni ndugu wa Kiswahili. Mayotte ilifanywa mkoa kamili wa Ufaransa tarehe 31 Machi 2011, siku kumi na moja tu kabla ya sheria ya uso kuanza. Mwanamke wa Kimaore, kwa desturi ya kwao, hafuniki uso kwa nguo. Hujitanda mtandio wake, na uso huupaka liwa ya msandali ukapiga rangi ya manjano. Liwa ikikauka huenda ikauficha uso kuliko utaji mwepesi, wala sheria haikuigusa. Hapo basi sheria iliwakuta Waislamu ambao nyuso zao zilikuwa wazi tangu hapo, nazo zilikuwa wazi bila ya askari.

Siku ile ile sheria ilipoanza, mwanamke mmoja raia wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1990, alipeleka shauri lake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg. Alisema kwamba hafuniki uso kila siku bali apendapo; kwamba hapana mume wala jamaa aliyemlazimisha; na kwamba yu tayari kufunua uso panapotakiwa ukaguzi, kama vile benki na uwanja wa ndege. Hukumu ilitolewa tarehe 1 Julai 2014. Alishindwa, majaji 15 kwa wawili. Magazeti yaliandika kwamba mahakama imekubaliana na serikali ya Ufaransa, na habari ikaishia hapo. Aisomaye hukumu yenyewe aona jambo la ajabu zaidi. Serikali ilikuja na hoja nyingi, na mahakama ilizikataa karibu zote. Ilisema kwamba dola haiwezi kuitumia hoja ya usawa wa wanawake kukataza jambo ambalo wanawake wenyewe walitetea kuwa ni haki yao. Ilikataa pia hoja ya heshima ya utu. Hoja ya usalama nayo ikaiona haitoshi, kwa kuwa ingeweza kutimizwa kwa kumtaka mtu afunue uso palipo na hatari au palipo na shaka juu yake. Iliyobaki ni hoja moja tu, nayo yaitwa “kuishi pamoja”: kwamba uso ndio mlango wa mtu kwa wenzake, na aufungaye huwanyima wenzake haki ya kukutana naye.

Mswahili hawezi kuidharau hoja hiyo. Sisi wenyewe twasema uso umeumbwa na haya, na maamkizi yetu ni marefu, na mwenye kuamkia humtazama anayeamkiwa apate kujua kama majibu ya “sijambo” ni ya kweli. Lakini watu wa mwambao wamewaamkia mabibi wenye kujifunika kwa zaidi ya miaka mia, wakawajua kwa sauti, kwa mwendo na kwa watoto walioshikwa mkono, na ujirani haukuvunjika. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo haikuridhika: mwezi wa Oktoba 2018 ilitangaza, katika mashauri ya wanawake wawili waliotozwa faini, kwamba Ufaransa imevunja haki zao, na kwamba marufuku hayo yaweza kuwafungia wanawake majumbani badala ya kuwalinda. Mabaraza mawili makubwa, kitambaa kimoja, hukumu mbili.

Nageukia sasa mwambao wetu, kwa kuwa hapa ipo historia inayofaa kuwafikia wale wanaojadili jambo hili Ulaya. Katika karne ya 19 kujifunika hakukuwa kwa kila mwanamke wa Kiislamu. Kulikuwa ni cheo. Huko Lamu bibi wa kiungwana alipotoka nyumbani alitembea ndani ya shiraa, yaani nguo iliyotandazwa juu ya vijiti na kuchukuliwa na watumwa, mfano wa hema itembeayo; na neno lenyewe kwa Kiarabu ni tanga la chombo. Unguja ilikuwa na barakoa zake, ambazo Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, amezieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Mjakazi hakuwa na shiraa wala barakoa. Alivaa kaniki, na kichwa chake kilikuwa wazi, na uwazi huo haukuwa uhuru hata kidogo. Ulikuwa ni alama ya kwamba hana ukoo wa kumtetea wala stara ambayo mtu alilazimika kuiheshimu. Msomaji aliangalie jambo hili vizuri: waliomchukulia bibi shiraa yake wao wenyewe hawakuwa na ruhusa ya kustirika.

Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwezi wa Aprili 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Wanawake waliokuwa watumwa, na binti zao, waliitupa kaniki. Walijipamba kwa kanga. Na buibui lilipoingia kutoka kusini ya Bara Arabu, karibu na mwanzo wa karne ya 20, wakalivaa. Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeiandika habari hii katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha kwamba mavazi yalikuwa ni njia mojawapo waliyoitumia watu hao kujitangaza kuwa waungwana sawa na wengine. Buibui lilifaa sana kwa kazi hiyo. Lote ni jeusi, lashuka toka kichwani hadi miguuni, na mtu aliye njiani hawezi kujua aliye ndani ni mjukuu wa bwana au mjukuu wa mjakazi. Vazi ambalo mgeni angeliona kuwa ni pingu lilikuwa, kwa mvaaji wake, mfano wa hati ya uhuru. Kama serikali ya wakati ule ingalitoa amri ya kuwafunua wanawake wote kwa jina la kuwakomboa, ingaliwarudisha wale waliokombolewa majuzi katika hali ile ile waliyoikimbia.

Lakini nisimdanganye msomaji kwa kuipaka historia sukari. Kile ambacho bibi alikichagua kwa furaha, mjukuu wake alikikuta kimekwisha kuwa desturi, na desturi haimwulizi mtu. Mtoto wa kike akivunja ungo alitawishwa, shule akaiacha, buibui likawa si mlango wa kutokea bali ni sharti la kutoka. Wanawake wengi wa mwambao walishindana na wazee wao ili wasome na wafanye kazi, wengine wakiwa ndani ya buibui na wengine wakiliacha, na hapana amri ya polisi iliyowasaidia katika mashindano hayo. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Ni neno zuri, na aghalabu hutajwa katika mijadala hii, lakini yafaa tukubali kwamba hiari si kitu ambacho mtu amezaliwa nacho mkononi. Binti wa miaka kumi na mitatu aliyewekewa nikabu na baba yake hana hiari. Mke ambaye chakula chake chategemea utii ana hiari nyembamba sana. Wanaotaka marufuku wanapowataja wanawake hao hawasemi uongo, na mwenye kutetea hiari akiwapuuza atakuwa anatetea hiari ya wanaume.

Tofauti yangu nao ni juu ya dawa. Amri ya kufunua imekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Tarehe 8 Machi 1927, katika miji ya Uzbekistan, wakomunisti walianzisha kampeni ya kuwafunua wanawake. Maelfu walichoma hadharani paranja zao na vifuniko vya uso vilivyofumwa kwa singa za farasi. Mamia ya wanawake waliofunua waliuawa katika miaka iliyofuata, mara nyingi na jamaa zao wenyewe au na wanaume wa mtaa, na wengi waliobaki hai walijifunika tena. Huko Iran, mwezi wa Januari 1936, Reza Shah alikataza utaji wa kila namna, hata ule uachao uso wazi, na askari wakawavua wanawake chadori njiani. Wako waliojifungia ndani wasitoke kabisa. Aliposhuka katika kiti mwaka 1941 amri ililegea, na baada ya mapinduzi ya 1979 ikaja amri ya kinyume chake, ya kufunika kichwa, ambayo imewapeleka wanawake gerezani na kaburini. Na huko Afghanistan, mwezi wa Mei 2022, Taliban waliamuru wanawake wafunike uso mahali pa watu wote, na mwanamke akiasi aadhibiwe mwanamume wa nyumba yake. Sisemi kwamba faini ya euro 150 ni sawa na mambo hayo. Kusema hivyo ni kukosa kipimo. Nasema kwamba katika yote, mwanamke ni ubao na wengine ndio waandishi.

Imebaki hoja ya usalama, ambayo katika Afrika ndiyo iliyotumika zaidi. Mwezi wa Juni 2015, baada ya mashambulio ya mabomu mjini N’Djamena, serikali ya Chad ilipiga marufuku kufunika uso. Hakuna awezaye kuilaumu serikali iliyozika watu wake kwa kutafuta kinga. Lakini tarehe 11 Julai, mwezi haujatimia, mwanamume aliyejivika utaji wa kike alijilipua penye mlango wa soko kuu la mji huo huo, akaua zaidi ya watu kumi. Bomu halifichwi usoni. Linalofaa sokoni ni ukaguzi, na ukaguzi wataka wakaguzi wa kike wa kutosha, jambo ligharimulo fedha kuliko kutangaza sheria.

Ikiwa naulizwa ni wapi basi uso ufunuliwe kwa lazima, jibu langu si refu. Ufunuliwe panapohitajiwa kumjua mtu: mpakani, katika kituo cha kura, mbele ya karani wa benki, na mahakamani pale ambapo hakimu ana haja ya kumtazama shahidi. Mwalimu wa watoto wadogo naye, kwa maoni yangu, awafunulie uso, kwa sababu mtoto hujifunza matamshi kwa kuutazama mdomo. Uholanzi, kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Agosti 2019, iliacha njia na viwanja, ikakataza katika shule, hospitali, ofisi za serikali na vyombo vya kuwachukua abiria. Ni afadhali kuliko Denmark, iliyokataza kila mahali mwaka mmoja kabla yake, na kuliko Uswisi, ambayo wananchi wake waliamua kwa kura mwezi wa Machi 2021, asilimia 51.2 wakikubali, na marufuku yakaanza mwaka 2025. Lakini hata Uholanzi ilikosea kuuweka mlango wa hospitali katika orodha yake na kuacha shaka ikae hapo. Mwanamke mgonjwa asingoje hata saa moja nje kwa ajili ya kitambaa. Nesi atamfunua ndani, kwa adabu, kama ilivyofanywa siku zote.

Sasa narudi kwa kifungu cha pili cha sheria ya Ufaransa, kile kimwadhibucho mlazimishaji. Hicho nakikubali bila ya kusita, na kama ningekuwa mtunga sheria ningelikiacha hicho nikafuta cha kwanza. Kwa maana vifungu hivi viwili havisaidiani kama ilivyodhaniwa, vyapigana. Mume mkali akijua kwamba mkewe akitoka na nikabu atatozwa faini, hamvui nikabu: humzuia asitoke. Askari hamwoni tena, wala mwalimu wa watoto wake, wala muuza mboga aliyekuwa akimsalimu asubuhi. Na katika kosa la kulazimishwa, shahidi wa kwanza ni mke mwenyewe, naye ili atoe ushahidi hana budi kwanza avuke kizingiti cha nyumba yake.